Nina cheti cha ufugaji nyuki lakini sijawahi kufungua mzinga. Uzoefu nitautoa wapi?

Swali: Mwalimu, habari ya kazi. Nina miaka 31 na naishi Kasarani. Mwaka jana nilihudhuria mafunzo ya siku mbili ya ufugaji nyuki hapa Nairobi. Tulionyeshwa mizinga mitupu na picha ukutani, tukapewa vyeti. Tangu hapo nimetazama video nyingi sana. Mama ana shamba la ekari 3 upande wa Matuu, kaunti ya Machakos, nami nimeweka akiba ya shilingi 45,000. Kuna muuzaji anayenihimiza ninunue mizinga 5 ya Langstroth (ile ya masanduku yenye fremu) sasa hivi. Anasema nitajifunza nikiendelea, na kwamba atanunua asali yangu yote. Shida ni kwamba sijawahi kufungua mzinga wenye nyuki hata mara moja, na nikiomba kumsaidia mfugaji naulizwa kama nina uzoefu. Uzoefu huo nitautoa wapi bila mizinga?

Jibu: Dada yangu, asante kwa kuandika kabla hujalipa. Barua nyingi ninazopata huja miezi minane baadaye, mizinga ikiwa mitupu au nyuki wameshahama, na wakati huo huwa sina mengi ya kumsaidia mtu. Akiba yako iache benki kwa sasa. Mwaka huu unahitaji mizinga ya watu wengine, na mikono yako iwe ndani yake.

Mzinga wangu wa kwanza niliufungua peke yangu, nikiwa na cheti kama chako. Ilikuwa saa saba mchana, shambani Ukambani, jua limewaka. Moshi wangu ulizimika mapema, na sikujua kuuwasha tena nikiwa nimevaa glavu. Nyuki walipopanda niliuacha mzinga wazi nikakimbia. Hatua kama arobaini kutoka pale jirani alikuwa amefunga mbuzi wake wawili kwa kamba, na mbuzi aliyefungwa hana pa kukimbilia. Walikufa wote wawili kabla ya jua kuzama. Niliwalipia. Yule mzee hakunitolea neno baya hata moja, lakini kwa muda mrefu alinipita njiani bila salamu, na hilo liliniuma kuliko pesa. Mwaka uliofuata sikununua mzinga. Nilienda kumbebea vifaa mfugaji mmoja mtu mzima, nikashika bomba la moshi miezi na miezi kabla hajaniruhusu kugusa sega. Huko ndiko nilikojifunza kazi hii.

Kuhusu hizo video: nyingi zimepigwa Ulaya na Marekani. Humo unamwona mtu amesimama mchana kweupe, mikono mitupu, na nyuki wametulia juu ya sega. Nyuki wetu wana tabia nyingine. Wanaoishi Nairobi na nyanda za Machakos na Kitui ni wa aina iitwayo kitaalamu Apis mellifera scutellata. Wa milimani, Mlima Kenya na Aberdare, ni monticola, weusi zaidi na wapole kidogo. Wa Pwani ni litorea. Scutellata ndiye aliyepelekwa Brazil mwaka 1956, akatoroka na kuchanganyika na nyuki wa Ulaya waliokuwa kule, na uzao wake ukasambaa hadi Marekani ambako watu wanamhofia mpaka leo. Ni mchapakazi, lakini huwahi kulinda nyumba yake, na akikosa chakula au akisumbuliwa mno huhama kundi zima.

Tena hatulii ukimtoa nje. Ukiinua sega, nyuki hukimbia kuelekea chini, wananing'inia pembeni kama shanga kisha wanadondoka. Ndiyo maana kumtafuta malkia, kama wanavyofanya kwenye video, mara nyingi ni kuwachokoza bure. Tafuta mayai. Yai la nyuki hukaa siku 3 kabla ya kuanguliwa, kwa hiyo ukiliona limesimama ndani ya kijumba chake kama kipande cha uzi mweupe, unajua malkia alikuwepo juzi, na hilo linakutosha. Jambo jingine la video ni madawa ya kuua utitiri wa Varroa. Utitiri huo uligunduliwa Kenya mwaka 2009, na nyuki wetu wameonekana kuuvumilia bila kuangamia kama wale wa Ulaya. Usinunue dawa yoyote ya kuweka mzingani.

Sasa, mizinga ya watu utaipata wapi.

Anza na Taasisi ya Taifa ya Ufugaji Nyuki iliyoko Lenana, kando ya Ngong Road. Ni ya serikali, na kazi yake ni hiyohiyo. Usiende kuuliza tarehe ya mafunzo peke yake. Uliza ni siku gani wanafungua mizinga yao, na kama unaweza kuwepo. Halafu wewe una bahati ambayo watu wa kaunti nyingine hawana: icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kiko hapohapo Kasarani, na tangu mwaka 2014 kina maabara maalumu ya afya ya nyuki. Hawako pale kumfungulia mizinga kila mpita njia, lakini huendesha mafunzo kwa wafugaji. Ukilipia mafunzo ya pili maishani mwako, yawe ambayo mwanafunzi anavaa na kuingia kwenye mizinga yenye nyuki. Uliza hilo kabla ya kulipa, na jibu likiwa la kuzungukazunguka, hifadhi pesa zako.

Lakini wafugaji wadogo ndio watakaokupa mikono. Hapa Kenya nyuki wako chini ya idara ya mifugo, kwa hiyo afisa wa mifugo wa kaunti huwajua wafugaji wa eneo lake na vikundi vyao. Wa Machakos atakufaa kuliko wa Nairobi, kwa sababu nyuki utakaowafuga watakuwa wa huko. Na kule Matuu kwenyewe, muulize mama ni mzee gani ana mizinga ya magogo juu ya miti, ile ambayo Wakamba huiita miatu. Usimdharau kwa kuwa mizinga yake si ya kisasa. Mzee anayerina asali usiku juu ya mgunga anajua ni lini nyuki hurudi bondeni, mti upi hutoa asali nyeupe, na kundi lenye hasira hulia vipi. Hayo hayamo kwenye cheti chako wala changu.

Ukienda kwake usiende mikono mitupu. Sukari na majani ya chai vinatosha. Na chunga ombi lako. Ukisema "nataka kuanza biashara ya asali," unamwambia kwamba kesho utakuwa mshindani wake. Mwambie, "Mzee, naomba nikushikie moshi siku utakayoenda kwa nyuki." Wafugaji wanaokuuliza uzoefu wana hofu moja tu: kwamba mambo yakichafuka utapiga kelele, utatupa sega chini na kukimbia. Mshika moshi haombwi uzoefu mkubwa, na hakuna mfugaji asiyehitaji mtu wa moshi.

Kuna mlango mwingine ambao watu wa mjini hawaufikirii. Nairobi ina nyuki wengi wasio na mwenyewe. Huingia kwenye paa za nyumba za zamani, kwenye kuta zenye mianya, kwenye masanduku ya mita na mashina ya mijakaranda. Wapo watu wanaoitwa kuwatoa. Baadhi hupuliza sumu na kufagia, hao usiwafuate. Mtafute anayewahamisha wakiwa hai, anayekata masega yenye majana (watoto wa nyuki) na kuyafunga kwenye fremu kwa mipira au uzi, kisha anasubiri giza liingie apate kundi lote. Ukifuatana na mtu kama huyo mara tano, utakuwa umeona masega ya kila umri, umemwona malkia akitembea, na umejua tofauti ya kundi lililotua jana na lililokaa miaka mitatu. Kundi lililotua jana halina watoto wala akiba ya kulinda na huwa pole. La miaka mitatu utalijua kabla hujafika mlangoni.

Kabla ya hayo yote, jifunze moshi. Hili unaweza kulianza wiki hii bila nyuki hata mmoja. Nunua bomba lenye mvukuto mzuri, tafuta uwanja wazi (si balkoni, majirani wataita zimamoto), na ujifunze kuwasha moto unaofuka nusu saa nzima bila kuzimika. Chini weka karatasi au majani makavu, moto ushike kwanza. Kisha shindilia samadi kavu ya ng'ombe, magunzi, au vipande vya gunia la katani lisilo na rangi wala mafuta. Juu kabisa tia konzi ya majani mabichi ya kuzuia cheche. Halafu weka kiganja mbele ya mdomo wa bomba upulize. Moshi ukiuma ngozi yako, utawachoma na nyuki. Unaotaka ni mweupe, mzito, usio na joto. Vaa glavu urudie zoezi lote ukiwa umezivaa. Kwa nini nakaza hapa? Nyuki akiuma, mwiba huachilia harufu inayowaita wenzake waje kuuma palepale, harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Moshi huifunika harufu hiyo, na pia huwafanya nyuki wakimbilie kujaza asali tumboni. Moshi ukizimika, kinga hiyo imekwisha. (Na usile ndizi siku hiyo, wala usijipake manukato.)

Siku ya kwanza kwa mwenyeji, fika mapema. Simama kando ya mzinga, si mbele ya mlango, uangalie dakika ishirini. Je, nyuki wanaingia na chavua miguuni? Kuna uwezekano mkubwa kuna majana ndani. Wanatoka wachache, wavivu, na sisimizi wanapanda nguzo? Kundi limedhoofika. Kuna madume wengi wanene wanaovuma mlangoni? Huenda wanajiandaa kugawanyika. Kisha fanya jambo ambalo mzee wangu alinilazimisha kulifanya kila mara: kabla mfuniko haujainuliwa, andika kwenye daftari unachodhani utakikuta ndani. Majana yapo au hayapo? Masega mangapi yamejengwa? Asali imefunikwa? Baadaye linganisha. Mara kumi za kwanza utakosea sana. Kufikia ya ishirini, mlango utakuwa umekwambia nusu ya habari, na nyuki wetu hawapendi kufunguliwa mara kwa mara, kwa hiyo nusu hiyo ina thamani kubwa. Andika pia tarehe, saa, hali ya hewa na miti iliyochanua.

Kazi yenyewe kwa kawaida hufanywa jioni. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili u nusu, na wengi hufungua mizinga kuanzia saa kumi na moja, joto limepungua, watoto na mifugo wamerudi nyumbani. Giza likiingia nyuki hawarukiruki, na nyuki aliyekasirika leo atakuwa ametulia asubuhi. Tatizo kwa mwanafunzi ni kwamba mayai hayaonekani kwenye giza. Omba siku moja moja, ukiwa na mwenyeji mzoefu na mahali palipo mbali na watu, mfungue mapema kidogo ili uyaone. Tochi yenye mwanga mwekundu nayo inafaa usiku, kwa sababu nyuki haioni rangi hiyo.

Ukipewa sega la mzinga wa fito, ule tunaouita KTBH (Kenya Top Bar Hive), sikiliza vizuri. Mzinga huu ulibuniwa hapa Kenya miaka ya mwanzo ya 1970. Sega lake limening'inia kwenye ufito tu, halina fremu ya kulizunguka. Ukililaza kama sahani litakatika, na hasa likiwa jipya, limejaa asali na siku ni ya joto. Lishike wima muda wote, ukiligeuza kama ukurasa wa kitabu kilichosimama. Fungua kuanzia upande ulio mbali na mlango, kwa sababu huko kuna asali au nafasi tupu, na majana yako karibu na mlango. Vifuniko vya majana ni vya kahawia na vimefura kidogo. Vya asali ni vyeupe au vya manjano hafifu, bapa. Ukiona kitu kinachoning'inia kama ganda la karanga, hicho ni kijumba cha malkia mtarajiwa. Usikiponde. Mwite mwenyeji.

Suala la kuumwa nalisema bila kupamba. Utaumwa. Mwiba ukwangue mara moja kwa ukucha, pafukizie moshi, uendelee. Uvimbe wa mkono ni kawaida. Lakini vipele vikitokea mwili mzima, midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana au ukaona kizunguzungu, hiyo ni dharura: hospitali mara moja, palipo na adrenalini, na usisubiri kuona kama itapungua. Kwa sababu hiyo usiende kwa nyuki peke yako katika mwaka wa kwanza, na mwenyeji ajue kwamba bado hujui mwili wako utaitikia vipi.

Kipimo changu cha uzoefu ni hiki, na wengine wanaweza kuwa na chao: uwe umeshiriki kufungua mizinga 20, umeona urinaji mmoja, umekamata au kuhamisha kundi moja, na umewaona nyuki katika msimu wa njaa, si wa maua tu. Hili la mwisho ndilo linalotaka mwaka mzima, mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, pamoja na ukavu ulio katikati yake. Mtu aliyejifunza wakati migunga imechanua hudhani nyuki ni ng'ombe wa maziwa. Mpeleke mzingani ukavu ukikaza, masega yamekauka na nondo wa nta wameingia, ndipo ataelewa kwa nini mfugaji mzuri harini asali yote. Siku ya kurina kaa jirani na mwenyeji uone anachokata na anachoacha. Asali iliyofunikwa angalau robo tatu ya sega ndiyo iliyoiva. Isiyofunikwa bado ina maji mengi na itachacha. Asali nzuri haizidi asilimia 20 ya maji.

Baada ya hapo nunua mizinga 2. Usinunue 5, na usinunue 1. Ukiwa na mmoja huna cha kulinganisha. Nyuki wakidhoofika hutajua kama ni msimu au ni kosa lako. Kwa shamba la Matuu mimi ningeanza na ya fito. Hutahitaji mashine ya kukamulia wala karatasi za nta. Lakini ukimpa fundi kazi nenda na rula, kila ufito uwe na upana wa milimita 32 kamili, kwa sababu ndio upana wa sega moja na njia ya kupita nyuki. Fundi akikosea kidogo tu, nyuki wataunganisha masega mawili, na hutaweza kuinua ufito bila kurarua nyumba. Itundike kwa waya, usawa wa kiuno, nguzo zipakwe grisi dhidi ya siafu. Paka nta iliyoyeyushwa chini ya fito, sugua mchaichai mlangoni ili kuvutia nyuki waingie wenyewe, na uwe umemaliza kabla ya mvua za Oktoba, ambazo ndizo za kutegemewa zaidi Ukambani. Mzinga ukikaa mtupu msimu mmoja, usihesabu hasara bado. Uhamishe mahali.

Kuhusu huyo muuzaji, mwombe mambo mawili. Akupeleke kwenye mizinga yake mwenyewe yenye nyuki na aifungue mbele yako, na ahadi ya kununua asali iwe kwenye karatasi yenye bei ya kilo. Akikataa moja kati ya hayo, mshukuru uondoke. Katika zile 45,000, mwaka huu gusa pesa ya vazi zuri lenye wavu wa usoni, glavu, gambuti na bomba, pamoja na nauli ya Matuu. Vazi uwe nalo lako mwenyewe. Mfugaji hukubali haraka zaidi mtu asiyehitaji kuazimwa.

Na zungumza na mama mapema. Mizinga ikae mbali na nyumba, njia ya watoto wa shule na zizi, mita 100 au zaidi, nyuma ya ua mrefu wa miti unaowalazimisha nyuki kuruka juu ya vichwa vya watu, na kuwe na maji karibu ili wasiyafuate kwenye mtungi wa jirani. Majirani waelezwe kabla mzinga wa kwanza haujafika. Kila siku utakayofungua, hata ukiwa na uzoefu wa miaka kumi, mama awatumie ujumbe tangu asubuhi ili jioni hiyo pasiwe na mbuzi aliyefungwa kamba karibu.